Tawi Lisiloombwa

Watu wengi hukataliwa kwa maneno. Adero alikuwa akikataliwa kwa mkasi, na jambo hilo lilimsumbua zaidi kwa kuwa hakulielewa.

Kila alipofika katika nyumba ya akina Sahil, mpenzi wake, pale Milimani, mambo yalikwenda kwa utaratibu ule ule. Mama Kokila, nyanya yake Sahil, alimpokea mlangoni, akamketisha sebuleni karibu na mmea wake, akamhoji kuhusu mmea huo kama mtahini asiye na haraka. Kisha alitoa mkasi mdogo mfukoni, akauweka mezani, akasema anakwenda kutazama chai. Chai ile ilitazamwa muda mrefu kuliko chai nyingine yoyote mjini Kisumu. Aliporudi hakumwangalia mgeni. Aliuangalia mmea, tangu udongoni hadi darini, tawi kwa tawi; uso wake ukafungwa kama duka siku ya Jumapili, na chai ikanywewa kimya.

Mmea wenyewe ulikuwa pothosi, ule wa kutambaa ambao wauza miche wa kando ya barabara huuotesha katika mikebe ya rangi. Huu haukuwa wa mkebe. Ulipanda nguzo iliyoviringishwa nyuzi za makumbi ya nazi, ukafika juu, ukazunguka kuta mbili za sebule ukishikiliwa kwa misumari midogo. Majani yake, mengine mapana kama sahani, yalikuwa na kijani na weupe vilivyomwagikiana bila mpango wowote, hata usipate mawili yanayofanana.

Adero alifundisha biolojia katika shule ya wasichana. Alikuwa amemfahamu Sahil siku alipokuja kutengeneza pampu ya maji ya shule, akatumia juma zima kwa kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza kabla ya kengele ya chakula. Mwalimu mkuu alilalamika. Adero hakulalamika. Tangu hapo walikuwa wamependana kwa utulivu na kwa ukaidi, na sasa palibaki jambo moja tu, ambalo halikuwa dogo.

Mama yake Adero, Caren, aliyekuwa mzee wa kanisa huko Nyamasaria, alikuwa ameshatoa sharti lake. "Watu wake waje hapa kwangu, waketi, waseme wanachotaka. Mtoto wangu haokotwi njiani." Lakini wazazi wa Sahil walikuwa wamefariki. Mtu wa kumsemea alikuwa Mama Kokila peke yake, naye Jumatatu angesafiri kwenda kwa binti yake Leicester, Uingereza, akae huko asijue mwenyewe hadi lini. Asipokwenda Nyamasaria Jumapili, hakuna ambaye angekwenda.

Ijumaa jioni Adero na Sahil walikuwa Dunga, wameketi mbele ya samaki mzima wa kukaangwa, ambaye hakuna aliyekuwa akimla.

"Amesema nini?" Adero aliuliza.

"Kula kwanza."

"Sahil, samaki huyu hatakimbia tena. Amesema nini?"

Sahil alinawa mikono ambayo haikuwa michafu. "Amesema wewe huitaki nyumba yetu."

"Mimi?" Adero aliweka tonge chini. "Mimi ninayefuta majani yake kila ninapokuja, jani moja moja, kama mtoto mchanga? Niliomba tawi, tena kwa adabu, kwa mikono miwili. Nilisema, 'Mama, naomba unigawie kidogo nami nikaoteshe.' Unajua alinijibu nini? 'Sitoi.' Hivyo tu. Sitoi! Kisha akaenda zake jikoni."

"Ba ni mtu mgumu." Ndivyo alivyomwita nyanya yake tangu utotoni.

"Dada yangu Sheryl anasema nimeajiriwa. Anasema, 'Yawa, Adero, kikongwe anasafiri, anatafuta mtu wa kumwagilia maua, nawe umejipeleka bila hata mshahara.'"

"Sheryl ana mdomo."

"Ana mdomo, lakini macho pia anayo."

Sahil alimtazama. Alikuwa na namna ya kumtazama mtu kana kwamba anasikiliza kwa macho, na Adero, ambaye hakuamini nusu ya mambo yanayosemwa kuhusu macho, alilazimika kuyahamisha yake hadi ziwani, mahali ambapo magugumaji yalikuwa yamefunika maji hadi mbali.

"Twende kwa msajili," Sahil alisema kwa sauti ya chini. "Mimi na wewe. Jumatatu, ndege ikiisha kuruka."

"Halafu nimwambie mama yangu nini? Kwamba nimeolewa na mtu asiye na watu?"

"Nina watu. Ni mmoja tu, na hataki."

"Basi sitaki mimi pia kuingia kupitia dirishani." Alisema hivyo kwa ukali uliomshangaza mwenyewe, na Sahil akainamisha kichwa. Samaki akapoa mezani mpaka mwenye kibanda akaja kuuliza kama ana kasoro.

Sahil alipoinua kichwa alikuwa amekunja uso, kama mtu anayekumbuka jambo lisilo na maana. "Aliniuliza swali la ajabu juzi. Alisema, 'Yule mwalimu wako huondoka hapa na nini?' Nikamwambia huondoki na kitu, wewe ni mwaminifu kupita watu wote ninaowajua. Akasema, 'Hiyo ndiyo shida yake.'"

Adero alimgeukia. "Rudia."

"'Hiyo ndiyo shida yake.'"

"Alisema 'shida'? Hakusema 'sifa'?"

"Shida. Kwa nini?"

"Sijui," alisema Adero, akavuta sahani ya samaki karibu. Hamu ya kula ilikuwa imemrudia. Kwa Adero hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote: huzuni ilimfunga tumbo, lakini fumbo lilimfungua.

*

Jumamosi asubuhi vijidudu vya ziwani vilikuwa vimevamia mji kama moshi. Vilikuwa vimetapakaa kwenye kuta za sebule, kwenye taa, na zaidi kwenye majani ya pothosi. Mama Kokila alimkabidhi Adero kitambaa chenye unyevu pasipo kusema neno, naye Adero akaanza kufuta. Sahil alikuwa ameamriwa akae barazani, naye alikaa, japo kiti chake kilikuwa kimesogezwa karibu sana na dirisha.

"Nikiondoka," alisema Mama Kokila, akiwa ameketi wima kama mshumaa, "mtu atamwagilia lini?"

"Atie kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Akikuta pakavu, amwagilie. Akikuta unyevu, aache."

"Hata kama kuna joto? Hata kama yeye mwenyewe ana kiu?"

"Kiu yake haihusiani na mizizi. Mingi ya mimea hii hufa kwa kuhurumiwa."

Mama Kokila alikohoa. "Mimi nadhani niusogeze dirishani. Upate kuona ziwa."

"Jua la mchana litauchoma, Mama. Sehemu nyeupe ndizo zitakazotangulia kukauka."

"Basi koridoni. Kule kuna giza zuri, la heshima."

"Huko utaanza kutoa majani ya kijani matupu. Mmea ukikosa mwanga huacha mapambo ukatafuta chakula."

"Na hili?" Mama Kokila alionyesha kwa kidevu tawi nene, la kijani kitupu, lililokuwa limewapita mengine yote kwa urefu. "Lina afya kuliko ndugu zake. Niliache?"

"Likatwe. Likiachwa litaumeza mmea mzima."

"Na lile jeupe pale juu? Kama theluji. Wageni wote hulipenda."

"Linalishwa na wenzake. Likitengwa lijitegemee, litakufa."

Adero, ambaye alikuwa amesoma vitabu vingi na hakuviamini vyote, alihisi kwamba anaambiwa jambo. "Mama, unazungumza juu ya ndoa?"

"Nazungumza juu ya majani," alijibu Mama Kokila. "Usinitafsirie. Futa pale chini, pana vumbi."

Adero alipiga magoti, akafuta. Hapo chini, ambapo shina lilikuwa limekomaa na kuwa gumu kama kamba ya katani, ndipo alipoyaona makovu. Alikuwa ameyapita mara nyingi bila kuyatilia maanani. Leo, kwa sababu ya neno 'shida', aliyachunguza. Yalikuwa mengi, ya zamani na ya karibuni. Kila moja lilikuwa limekatwa vizuri, chini kidogo ya kifundo, pale penye uvimbe ambapo mzizi na chipukizi hutokea. Hilo halikumshangaza. Lililomshangaza ni kwamba mtunza mmea hukata matawi yasiyofaa, akabakiza mazuri. Hapa palikuwa pamekatwa mazuri. Aliweza kuona kwa mistari myeupe iliyobaki kwenye gome, dalili ya matawi ya rangi mbili: aliyekata alikuwa amechagua.

"Mama," aliuliza, "nani alikata hapa?"

"Mwizi."

"Na hapa?"

"Mwizi mwingine." Sauti ya Mama Kokila ilikuwa imebadilika, ilikuwa na uangalifu wa mtu anayevuka ubao mwembamba. "Huyo alikuwa mama yake Sahil. Kabla tu ya harusi yake."

"Ulimfanya nini?"

"Ningemfanya nini? Sikuwapo. Nilikuwa jikoni, natazama chai."

Kitambaa kilisimama mkononi mwa Adero. Nje, kiti cha baraza kililia.

"Na hiki kikonyo kilichochanwa bila kifundo?"

"Ah." Mama Kokila alikunja midomo. "Huyo ni Jasleen. Msichana mzuri, familia nzuri, watu wengi walitaka aolewe na Sahil. Alichukua jani moja. Jani tu! Nilisikia alilitia kwenye glasi ya maji, likakaa mwaka mzima, kijani, zuri, halina hata chipukizi. Mtu akiiba kwa nusu moyo, huyo ni mwaminifu kwa nusu moyo pia. Ameolewa Nakuru."

"Na wewe, Mama? Mmea huu uliupata wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Mama Kokila alimtazama usoni moja kwa moja.

"Swali hilo," alisema polepole, "nimelingoja tangu mvua ndefu. Kwa mama mkwe wangu, kule Kibos. Alikuwa mama mkali, alikuwa akihesabu hata mbegu za bizari."

"Alikupa?"

"Kunipa! Mwalimu, mtu akitoa tawi la mmea huu kwa mkono wake, ametoa baraka ya nyumba yake. Nani mwenye akili atafanya hivyo? Na anayepewa hapati kitu. Huondoka na jani, baraka ikabaki nyuma ikimcheka."

"Unaamini hivyo?"

"Mimi nilifundishwa hesabu. Siamini." Aliunyosha ushungi wake begani. "Lakini sijawahi kutoa."

Adero aliinuka kutoka magotini. Alihisi moyo ukimwenda mbio, na akaukaripia kimoyomoyo kwa kuwa na haraka kuliko ushahidi. "Kwa hiyo, Mama, kama mtu angetaka kuwa wa nyumba hii, ingembidi..."

Mkono wa Mama Kokila ulipaa. "Usimalize! Ukiuliza, nitajibu. Nikijibu, nitakuwa nimetoa." Alitia mkono mfukoni, akauweka mkasi mezani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Naenda kutazama chai. Ni nyingi leo. Itachelewa."

Mlango wa jikoni ulifungwa. Mama Kokila aliufunga kwa kishindo, asije mtu akadhani kwamba haukufungwa.

Adero alibaki ameukodolea macho mkasi. Angetarajia kucheka, lakini hakucheka. Kwake hili halikuwa jambo jepesi. Caren alikuwa amewalea wanawe kwa amri moja iliyosimama juu ya nyingine zote: usichukue usichopewa. Sindano ya jirani ilirudishwa siku hiyo hiyo. Embe lililodondokea upande wao wa ua lilirudishwa upande wa pili na kuombewa msamaha. Mtoto wa nyumba ile aliweza kulala njaa mbele ya chungu cha watu, na akasifiwa. Ndiyo sababu alikuwa ameketi hapa, ziara baada ya ziara, mikono juu ya magoti, akithibitisha uadilifu wake kwa mwanamke aliyekuwa akimwombea auvunje.

Alijaribu kutoka kwa njia ya mantiki. Ikiwa mwenye mali ameridhia, basi huu si wizi. Lakini ikiwa si wizi, basi amepewa. Na aliyepewa hapati kitu. Mantiki ilimzungusha ikamrudisha pale pale mezani. Hapakuwa na njia ya pembeni. Ingembidi aibe kweli, na aondoke akijua kwamba ameiba.

Aliuchukua mkasi.

"Adero!" Ulikuwa mnong'ono wa Sahil, kichwa chake kikiwa kimejaa dirishani. "Unafanya nini?"

"Naiba. Geuka."

"Unaiba nini? Mmea wa Ba? Atakuua! Mimi mwenyewe nilipigwa kwa kuvunja jani."

"Kwa kuwa wewe ni wa nyumba hii. Geuka, nimesema."

Sahil hakugeuka. Aliingia kwa kunyata, akasimama karibu naye kiasi kwamba Adero alisikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. "Sielewi hata kidogo," alisema. "Lakini nipe nikushikie tawi."

"Usiguse! Ukinisaidia, utakuwa umenipa. Nami sitaki kupewa." Alimwona akijaribu kuelewa, akishindwa, na akiamua kumwamini hata hivyo, hayo yote yalipita usoni mwake kwa zamu, na Adero akajua kwamba kama kuna kitu alichokuwa tayari kuiibia dunia, kilikuwa kimesimama mbele yake. "Nenda ukasimame mlango wa jikoni," alisema kwa upole. "Ulinde."

"Nimlinde nani?"

"Sijui. Linda tu."

Sahil alikwenda, akageuza mgongo, masikio yakiwa mekundu.

Adero alilipita tawi la kijani kitupu, kwa kuwa kuiba kisichotakiwa ni matusi. Akalipita jeupe, kwa kuwa kuiba kinachokufa ni upumbavu. Alichagua moja la usawa wa kifua, lenye rangi zote mbili hadi kwenye kikonyo, lililokuwa limeanza kutoa mzizi wa kahawia hewani. Lilikuwa zuri. Likiondoka pengo lingeonekana toka mlangoni, na mwenye mmea angelijutia. Alihesabu vifundo viwili, akateremsha mkasi chini ya cha pili, akapumua, akakata.

Mlio wake ulikuwa mdogo. Kwake yeye ulisikika hadi Nyamasaria.

Aliviringisha tawi kwenye kile kitambaa chenye unyevu, akalitia kwenye mkoba, na jani moja likakataa kuingia. Akaliacha lichungulie. Alikuwa ameketi tena, mikono juu ya magoti, mlango wa jikoni ulipofunguka na Mama Kokila akatokea na sinia, akimsukuma Sahil kwa kiwiko.

Mama Kokila aliutazama mmea. Alianzia udongoni. Alifika usawa wa kifua, akasimama hapo. Sinia lilianza kulia, vikombe vikigongana, na Sahil akalipokea upesi kabla halijaanguka.

"Mwalimu," alisema Mama Kokila, "nyumba hii imeibiwa."

"Pole sana, Mama."

"Mwizi amekata vipi?"

"Chini ya kifundo."

"Kimoja?"

"Viwili. Na mzizi."

"Mzizi pia!" Mama Kokila alijishika kifua. "Lile tawi nililokuwa nikilisemesha kila asubuhi! Mwizi asiye na haya! Sahil, unasikia? Asiye na haya hata kidogo!" Alikuwa akimlaani kwa sauti kubwa, ya kusikika hadi kwa jirani, na machozi yakimtiririka mashavuni bila ya yeye kuyafuta. "Na sasa anakunywa chai yangu. Rudisha."

Adero alishika mkoba kwa mikono miwili. Mafunzo yote ya utoto wake yalimsukuma aufungue. Sahil alikuwa amesimama na sinia, akimtazama yeye, kisha nyanya yake, kisha lile jani lililokuwa likichungulia.

"Sirudishi," alisema Adero.

"Hurudishi?"

"Sirudishi, Ba. Ni langu."

Mama Kokila aliketi, kwa mara ya kwanza akiegemea kiti kama mtu mwenye mgongo wa kawaida. Alimimina chai mwenyewe, akatia sukari bila kuuliza kiasi, akamsogezea Adero kikombe. Kisha akamwuliza, kwa Kidholuo kilichonyooka ambacho Adero hakujua kwamba anakifahamu, jina la mama yake, ukoo alikozaliwa, na saa ambayo ibada ya Jumapili humalizika.

Adero alijibu yote. La mwisho alilijibu mara mbili.

"Sahil," alisema Mama Kokila, "tia mafuta gari. Kesho tunakwenda Nyamasaria. Vaa suti ile ya bluu, usivae ile ya kazini." Akamgeukia Adero. "Huyo mama yako ana mimea?"

"Anayo, Ba. Mishubiri michache, kwenye dirisha la sebule."

"Vizuri." Mama Kokila alipuliza chai yake. "Mwambie asinipe hata mmoja."